Fisi Hana Wakili

Mtoto aliyelelewa kwa ngano anamjua fisi kabla hajamwona. Anajua kuwa ni mlafi, mwoga na mjinga. Kwamba alisikia harufu ya nyama kwenye njia panda, akataka kushika njia zote mbili kwa pamoja, akapasuka msamba. Anajua pia kuwa usiku wachawi humpanda kama punda. Akifika shule, huenda akaongezewa jambo moja tu: fisi ni mla mizoga. Bibi na mwalimu wamekubaliana, na wote wawili wamemwonea fisi. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi madoa usiku kwa usiku huko Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alikuta kuwa nyama nyingi anayokula mnyama huyu ameiwinda mwenyewe. Ndani ya kreta ya Ngorongoro, simba anayekutwa asubuhi akijinafasi juu ya nyumbu, mara nyingi amewapora fisi waliotoka jasho usiku. Watalii hupiga picha ya mporaji na kumcheka aliyeporwa.

Nimeanza na fisi kwa sababu siku hizi hakuna warsha ya elimu ya mazingira au ya urithi wa utamaduni isiyoimba sifa za hadithi. Tunaambiwa hadithi huamsha hamu, hukaa kichwani na huunganisha vizazi. Yote ni kweli, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu uongo nao hukaa kichwani vilevile. Kwamba hadithi inafundisha halina ubishi. Linalohitaji kuchunguzwa ni kile inachokifundisha, na kwa nini baadhi ya hadithi huacha maarifa huku nyingine zikiacha chuki dhidi ya mnyama asiye na hatia.

Jibu langu ni kwamba tuangalie fundo: mahali ambapo mambo yanamkwama mhusika, na jinsi anavyojinasua au anavyonaswa. Msikilizaji atasahau majina, atasahau mahali, atachanganya mwanzo na kati, lakini fundo halimtoki. Fundo likishikiliwa na jambo la kweli kuhusu maumbile, msikilizaji ataondoka nalo. Likishikiliwa na tabia ya binadamu iliyovishwa ngozi ya mnyama, ataondoka na funzo la maadili, na mnyama atabaki kusingiziwa. Ngano ya njia panda inafundisha vizuri sana kuhusu tamaa. Kuhusu fisi haifundishi lolote.

Mfano mkubwa kabisa wa fundo la kweli ninaoujua unatoka Simeulue, kisiwa cha Indonesia kilicho mbele ya pwani ya magharibi ya Sumatra. Mwaka 1907 tetemeko la ardhi lilifuatwa na mawimbi makubwa yaliyoua watu wengi kisiwani humo. Waliosalia waliyageuza maafa yale kuwa masimulizi na nyimbo za kubembelezea watoto, wakayaita smong. Yaliyomo ni machache: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikarudi nyuma na kuacha samaki wakirukaruka mchangani, usishuke kuokota samaki, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 Simeulue ilikuwa karibu mno na chanzo cha tetemeko. Kwenye ncha yake ya kaskazini wimbi la kwanza lilifika dakika kama 8 baada ya mtikisiko kutulia. Hakuna king'ora wala tangazo la redio ambalo lingewahi. Watu walipigiana kelele za "smong" na kupanda vilima. Kati ya wakazi wapatao 78,000, waliokufa walikuwa 7. Sumatra kwenyewe, hasa mkoani Aceh, walikufa zaidi ya watu 150,000.

Wazee wa Simeulue hawakujua habari za mabamba ya ardhi yanayosukumana chini ya bahari, na wala hawakuhitaji kuzijua. Walichokifanya ni kuutunza mfuatano wa matukio kama ulivyo: mtikisiko, maji kupwa, maji kurudi. Ukiuondoa mfuatano huo hadithi haipo tena. Humo hakuna mungu aliyekasirika kwa sababu ya dhambi za vijana, wala jini wa baharini wa kutulizwa kwa ubani. Kama wangekuwepo, pengine watu wangepoteza zile dakika 8 wakitafuta ubani.

Watafiti wa makuzi ya watoto wamelikuta jambo hilihili kwa njia nyingine. Mwaka 2014 Deborah Kelemen wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walichapisha matokeo ya kuwasomea watoto wa miaka 5 hadi 8 kitabu cha picha kuhusu wanyama wa kubuni walioitwa pilosa. Wanyama hao hula wadudu kwa mkonga; wengine wana mikonga minene, wengine myembamba. Hali ya hewa inabadilika, wadudu wanahamia kwenye mashimo membamba yaliyo chini sana, wenye mikonga minene wanashindwa kula, wanadhoofu na kufa bila kuacha watoto wengi, na baada ya vizazi vingi karibu pilosa wote wanakuwa na mikonga myembamba. Watoto walielewa, wakaweza kulieleza wazo hilo kwa kutumia mnyama mwingine, na miezi mitatu baadaye walikuwa bado wanalikumbuka. Wazo lenyewe ni uteuzi wa asili, lile linalowasumbua hata wanafunzi wa chuo kikuu. Mnyama ni wa kubuni, fundo ni la kweli.

Mwaka huohuo Patricia Ganea na wenzake wa Toronto walionyesha upande wa pili. Watoto wadogo waliosomewa vitabu vya wanyama wanaoongea na kufikiri kama watu walijifunza mambo machache zaidi kuhusu wanyama halisi, na walikuwa wepesi wa kuwapachika wanyama hao hisia na mawazo ya kibinadamu.

Je, basi tuwazibe midomo wanyama wote wa ngano zetu? Hapana, na mtetezi wangu ni kima wa pwani. Kisa cha kima na papa, ambacho Askofu Edward Steere alikinakili Unguja na kukichapisha katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870, kilifika kwetu baada ya safari ndefu: kimo katika Panchatantra ya Wahindi, kimo katika Kalila na Dimna ya Waarabu. Huko nyuma rafiki msaliti alikuwa mamba au kobe. Pwani yetu ilimfanya papa, ikampa kima mti wa mkuyu unaoinamia bahari. Papa anambeba kima mgongoni, wakifika katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kwa bahati mbaya moyo ameuacha mtini. Kima wote huacha mioyo yao nyumbani wanapotoka. Papa anageuza njia.

Mtoto anacheka hapo kwa sababu anajua jambo ambalo papa halijui: moyo hauvuliwi kama kofia. Fundo zima la kisa hiki limeegemea ukweli wa mwili wa mnyama, ingawa wanyama wenyewe wanazungumza na kula viapo vya urafiki. Mtambaji hodari huliachilia swali hapohapo, kwa nini isiwezekane, na mtoto akishika kifua chake kutafuta mapigo, somo la mzunguko wa damu limeanza bila ubao wala chaki. Kumbe kuongea kwa mnyama hakuna ubaya kwenyewe. Ubaya upo pale ambapo uongo ndio unaokishikilia kisa, na msikilizaji hapewi nafasi ya kuucheka.

Ziko pia hadithi zinazosimama katikati, na hizo ndizo zenye faida kubwa darasani. Wachaga husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa ndugu. Mawenzi kila mara alikwenda kwa nduguye kuomba moto, kwa kuwa wake ulikuwa unamzimikia, mpaka Kibo akachoka akamtwanga. Ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimejaa makovu na mipasuko hadi leo. Wako wanaopenda kuichukua hadithi hii na kutangaza kwamba mababu walikuwa wanajiolojia. Ni sifa za bure. Shughuli kubwa ya volkano ya Kibo ilikwisha zaidi ya miaka laki moja iliyopita, kwa hiyo hakuna babu aliyekumbuka moto ule. Alichofanya mtunzi wa hadithi ni kuitazama milima vizuri, na hiyo si kazi ndogo. Aliona kilele kimoja ni cha mviringo na kingine kimechongoka na kuvunjikavunjika. Alihisi kwamba moto ni wa mmoja na umemtoka mwingine. Volkano ya Mawenzi imekufa kabisa, na kilele chake chenye mita 5,149 kimeliwa na mvua na barafu kwa muda mrefu sana. Kibo, wenye mita 5,895, umelala tu. Katika kreta yake bado hutoka gesi yenye harufu ya salfa.

Mwalimu wa Marangu au Machame anayeijua hadithi hii ana somo kamili mkononi, iwapo hatakubali jibu lake wala kulidharau. Hadithi imekusanya ushahidi sahihi na kumkamata mtuhumiwa asiye sahihi. Kazi ya darasa ni kufungua upya jalada: ni nini hasa kilichompiga Mawenzi? Wanafunzi wakifika kwenye maji yanayoganda ndani ya nyufa za mawe usiku na kuyeyuka mchana, watakuwa wameelewa mmomonyoko, na hadithi ya bibi itakuwa imewafikisha hapo bila kuvunjiwa heshima.

Hivyo ndivyo alivyofanya Mkenya Hussein Isack kwa habari za ndege wa asali. Ndege huyu huwaita watu kwa mlio wake, akaruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki, kisha akasubiri nta. Wafugaji wa Borana wa kaskazini mwa Kenya walisema mengi kumhusu: kwamba anaonyesha upande wa kwenda, kwamba anajulisha umbali uliobaki, kwamba tabia yake hubadilika mkifika. Isack na Heinz-Ulrich Reyer hawakuyachukua maneno hayo kama ngano za kupamba kitabu. Waliyapima, na mwaka 1989 wakachapisha kwamba wafugaji walisema kweli. Kwa msaada wa ndege, kutafuta mzinga kulichukua wastani wa saa 3.2, bila yeye, saa 8.9. Baadaye Claire Spottiswoode, akifanya kazi na Wayao wa Niassa nchini Msumbiji, aligundua kuwa mwito maalumu wa warina asali huongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Na mwaka 2023 yeye na Brian Wood walionyesha kuwa ndege wa Tanzania huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na wale wa Msumbiji mwito wa Wayao, kana kwamba ndege nao wana lugha za nyumbani.

Lakini kuna sehemu ya simulizi ambayo watu wengi wa Afrika husimulia: usipomwachia ndege sehemu yake, siku nyingine atakupeleka kwa nyoka au simba. Funzo la kulipa fadhila ni zuri na tunalipenda. Wahadzabe, ambao katika kumjua ndege huyu hawana wa kuwafundisha, mara nyingi hufanya kinyume: huchoma au kuficha masega yanayobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Fundo la uongozi wa ndege ni la maumbile. Lile la kisasi ni la maadili yetu wenyewe, na anayefundisha aweze kuyatenganisha mbele ya watoto.

Yasipotenganishwa, kuna wakati damu humwagika. Kisiwani Unguja palikuwa na chui wa aina yake, na pamoja naye palikuwa na imani kwamba chui wengi wana wenyewe: wachawi huwafuga, huwalisha na kuwatuma kuwadhuru jirani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi ilikwenda vijijini kuwafichua wafugaji hao na kuwaua chui. Martin Walsh na Helle Goldman, waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wameeleza jinsi uwindaji ulivyoendelea baada ya hapo mpaka mnyama huyo akadhaniwa ametoweka. Kinachonishangaza zaidi ni kilichofuata. Wahifadhi nao walijikuta wakivutwa na hadithi ileile, wakitamani kuwapata hao wafugaji ili waonyeshwe chui waliofichwa. Watu wenye vyeti waliingia ndani ya fundo la ngano na kutafuta mlango wa kutokea upande wa pili.

Na tusidhani kwamba anayepotosha kwa hadithi lazima awe mganga au bibi kizee. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka mwaka 1959 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Iliisaidia mno hifadhi hiyo kupendwa na kuchangiwa fedha duniani. Fundo lake lilikuwa mbuga ya asili inayoponea chupuchupu mbele ya binadamu anayeisonga, na katika fundo hilo Mmasai na ng'ombe wake hawakuwa na nafasi isipokuwa ya mvamizi. Mwaka uleule wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Filamu haikuwahamisha yenyewe. Uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Ila iliwazoesha mamilioni ya watazamaji kuiona nchi ya watu kuwa nchi tupu, na mazoea hayo bado yanaonekana katika filamu nyingi za wanyama, ambamo hakuna hata moshi wa boma kwa mbali.

Weka kando ya filamu hiyo kazi ya Jane Goodall huko Gombe, Kigoma. Alipoanza mwaka 1960 kuwapa sokwe majina badala ya namba, wakubwa wa taaluma walimwona mwanagenzi asiyejua kanuni. Yeye akasimulia habari za Daudi mwenye ndevu za mvi, David Greybeard, aliyechokonoa kichuguu kwa unyasi na kuvua mchwa. Habari za Flo na watoto wake. Na baadaye, bila kuficha, vita vya sokwe wa Kasakela dhidi ya wenzao wa Kahama. Kila fundo katika masimulizi hayo lilitokea kweli msituni, likaandikwa tarehe na saa. Sokwe hawakutiwa maneno mdomoni.

Kwenye urithi wa utamaduni mizani hubadilika kidogo, maana hapo ukweli unaotafutwa una sura zaidi ya moja. Wamijikenda wa pwani ya Kenya husimulia kwamba walitoka Shungwaya, kaskazini, wakakimbia na kujenga makaya yao msituni. Wanahistoria wamevutana: Thomas Spear aliyachukua masimulizi hayo kuwa na msingi wa historia, Rodger Morton akayaona kuwa ni ya baadaye. Kitabu cha shule kinachoandika Shungwaya kama tarehe ya kukariri kinawanyima wanafunzi utamu wa mvutano huo, na kile kinachoifuta kinafuta namna watu wanavyojitambua. Mwanafunzi wa Kwale au Kilifi anaweza kabisa kubeba yote mawili.

Misitu yenyewe ina ushahidi usiopingika wa nguvu ya masimulizi. Makaya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na mwaka 2009 mila zake zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Yamebaki na miti adimu mahali ambapo pande zote zimelimwa, na kilichoilinda miti hiyo ni miiko pamoja na visa vya yaliyowapata walioivunja. Mgeni anayeingia Kaya Kinondo hufungwa kaniki kwanza na kuambiwa asiyopaswa kufanya. Hadithi anaipata akiwa chini ya mti unaosimuliwa. Mengine hayasimuliwi kwa mgeni kabisa, na wazee wana haki hiyo. Tuna mradi mbaya wa kutaka kila kitu kirekodiwe, kichapishwe na kiwekwe mtandaoni, kana kwamba siri ni aina ya ujinga. Vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa na kuuzwa hadi kwenye makumbusho ya Marekani vilionyesha kinachotokea kitu kikiondolewa mahali pake: kikawa sanaa ya kutundika ukutani.

Linabaki suala la shule, ambalo wasifiaji wa hadithi hulipita haraka. Nchini Tanzania mtoto wa shule za msingi za serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha anapofika kidato cha kwanza hugeuziwa lugha. Kila fundo alilolifungua kwa maneno ya nyumbani linafungwa upya kwa Kiingereza, na mwalimu anayekimbizana na mtihani hana muda wa Kibo na Mawenzi. Nje ya darasa mambo yamechangamka zaidi. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, huwaweka watoto mbele ya tatizo ambalo halitatuliki bila hesabu au sayansi, kwa Kiswahili, na wimbo juu yake. Ubora wake uko hapo kwenye tatizo. Wimbo peke yake usingetosha, na vipindi vya watoto vyenye nyimbo nyingi bila fundo lolote tunavyo vya kutosha.

Tunahitaji watunzi, basi, zaidi ya wakusanyaji. Chukua Pangani. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walieleza jinsi walivyokuta kwenye matope ya hapo mabaki ya tsunami ya miaka kama 1,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya watu ambao hawakuzikwa kwa utaratibu. Habari hiyo waliisoma kwenye udongo. Anayetaka kuwatungia watoto wa Pangani hadithi yake asiichukue smong nzima, kwa kuwa mtikisiko wa Sumatra hausikiki kwetu. Wimbi huja baada ya saa kadhaa, na ardhi haijatoa onyo lolote. Dalili itakayobaki ni maji kupwa wakati ambao si wake. Wavuvi wa pale wanaijua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi, wanajua saa ya kutoka na saa ya kurudi. Fundo liwekwe hapo: kijana anayejua hesabu ya maji anaona leo hesabu imekosea, na watu wazima wameshaanza kushuka na vikapu.